Gomesi ya Kwenda Nayo

Madam Leonida amefariki, na uongo umeanza hata kabla hajazikwa. Walinipigia simu Jumanne watu wa kamati ya mazishi, sauti ya kijana aliyezoea kuomba michango, akaniambia jina langu limeshawekwa kwenye programu: nitazungumza dakika tano kuhusu namna marehemu alivyokivumbua kipaji changu. Nikamwuliza nani amesema nilivumbuliwa. Akacheka akidhani ni utani. "Si unajua, mama, wewe ndio uko na jina sasa. Watu watafurahia." Kwenye kundi lao la simu wameweka picha ya marehemu amevaa kola pana la kufunika mabega, zambarau, limepambwa kwa sarafu za kale, kidevu amekiinua kama mtu anayechungulia juu ya ua wa jirani, na chini yake watu wameandika mama wa sanaa, mlinzi wa urithi wetu, pumzika malkia. Kola lile nililishona mimi nikiwa na umri wa miaka ishirini na mmoja. Nimeitazama picha ile mpaka simu ikazima yenyewe, na hasira niliyodhani imekwisha ikanirudia nzima, nusu juu yake na nusu juu yangu.

Karakana yake, ambayo kwake ilikuwa studio na ole wako uiite duka, ilikuwa vyumba viwili nyuma ya lojing'i ya madereva pale Malaba, mpakani na Uganda. Upande wa pili wa ukuta kulikuwa na ofisi ya maejenti wa forodha, na ukuta wenyewe ulikuwa wa mbao nyembamba, kwa hiyo mwaka mzima nilishona nikisikiliza watu wakigombania karatasi. "Boss, hiyo seal mimi nilipewa hivyo Mombasa!" "Nyamaza kwanza, nani amekuuliza?" Nje malori yalipanga foleni, tanboi, wale wasaidizi wa madereva, wakafua nguo kwenye vivuli vya trela, na harufu ya dizeli ikaingia mpaka kwenye nyuzi. Chumba cha mbele kilikuwa cha wageni: kioo kirefu, zulia, mkeka ukutani na viti viwili ambavyo mimi sikuruhusiwa kuvikalia. Cha nyuma kilikuwa changu, pamoja na cherehani mbili, moja nzima na moja ya kung'olewa vipuri. Saa saba nilikula chapati na ndengu za mama wa kibandani, nikiwa na mkasi mapajani, na Madam alikula samaki wake nyuma ya pazia, peke yake, akidhani pazia linazuia harufu.

Tulitengeneza vitu vya kuvaa kutokana na vitu vya zamani. Kazi yenyewe ilikuwa nzuri na bado naipenda. Ndiyo inayonilisha mpaka leo. Sarafu za enzi ya mkoloni zenye tundu katikati, ambazo vikongwe walizihifadhi kwenye makopo ya kahawa bila kujua kwa nini, tulizisugua kwa majivu na ndimu, tukazitunga kuwa mikufu. Vifungo vya shaba tulivikata kwenye makoti ya mitumba. Tulinunua hata mirija mirefu ambayo wazee wa Kiteso hunywea ajono, ile pombe yao ya wimbi, wakiwa wameketi kuzunguka chungu. Mzee akiheshimika huja na mrija wake na hamwazimi mtu. Sisi tuliikata vipande vifupi, tukaipaka vanishi, tukaifanya hereni. Yaani tulichukua mate ya mzee ya miaka thelathini, tukayaning'iniza kwenye masikio ya mgeni aliyekuwa akivuka kwenda kuona sokwe, na mgeni akatushukuru kwa Kiswahili cha kitabu.

"Kila piece iko na story yake," Madam aliwaambia, akifumba macho kidogo. Story zilikuwa zangu. Nilikuwa na mwandiko mzuri, basi aliniachia niandike vile vikadi vilivyofungwa kwa uzi kwenye kila kitu. Kifungo nilichokikata kwenye koti lililotoka robota la Busia nikakiandika kuwa ni cha koti la gavana. Kipande cha turubai la lori nikakiandika kuwa ni cha hema la mvumbuzi wa zamani. Mara ya kwanza nilisikia aibu. Mara ya tano nilikuwa nacheka peke yangu nikiandika, nikawadharau walionunua kwa kuwa wajinga na nikajiona mimi ni mjanja. Sikuwahi kujiuliza ni ujanja gani huo wa kumdanganya mtu ambaye hana namna ya kujua.

Nguo za zamani tulizipata kwa malimali. Unajitwika mabeseni na majagi mapya ya plastiki, unapita boma kwa boma ukipiga kelele, na wanawake wanakuletea nguo zilizochakaa mnabadilishana. Wenzangu wa malimali walitafuta suruali na sweta za kuuza tena. Mimi nilitumwa gomesi kuukuu, zile za hariri nzito ambazo hazitengenezwi tena, zenye mabega yaliyochongoka na mshipi mpana wa kiunoni. Ndivyo nilivyofika Moding, kwenye boma la mwanamke anayeitwa Jane, ambaye beseni lake lilikuwa limepasuka na kuzibwa kwa plastiki iliyoyeyushwa. Aliishi na mama mkwe wake, na mama mkwe alikuwa amelazwa hospitali ya Kocholia wiki ya tatu. Jane aliyatazama mabeseni yangu kwa muda, akaingia ndani, akatoka na foronya nyeupe iliyofungwa fundo.

"Hii utanipea ngapi? Ni ya mama. Huwa hata haivai."

Nikafungua fundo. Ndani mlikuwa na gomesi ya zambarau yenye mistari myembamba ya dhahabu, imekunjwa kwa uangalifu, gagulo jeupe jipya, vidonge vya kufukuza nondo, na rozari juu yake. Hakuna mtu wa mpakani pale, awe Mteso, awe Mluhya kama mimi, asiyejua maana ya mpango huo. Mwanamke mzima ana nguo ya shamba, nguo ya kanisa, na nguo ya kwenda nayo. Hiyo ya mwisho huiweka chini kabisa sandukuni, na akishaiweka haivai tena mpaka wengine wamvalishe siku ya kuzikwa.

"Jane, hii si ya kwenda nayo?" nikauliza.

"Aende wapi? Daktari amesema anaendelea poa." Hakunitazama. "Nipee hayo mabeseni mawili na jagi."

Nilimrudishia rozari na gagulo. Huo ndio uchamungu niliokuwa nao mwaka ule: rozari nikairudisha, gomesi nikaitia mfukoni mwa malimali. Njiani nilijiambia kwamba mwenye kosa ni Jane. Nimelirudia neno hilo miaka mingi na halijawahi kunisaidia.

Madam alipoiona aliinusa, akaikumbatia, akazunguka nayo mbele ya kioo. Palikuwa na maonyesho yanakuja katika hoteli moja mjini Busia, wageni kutoka Nairobi na Kampala, na alihitaji kitu kikubwa cha kuvaa mwenyewe. Aliniachia nibuni. Nikakata sehemu yote ya chini, kuanzia kiunoni, kuwa tepe nyembamba ndefu. Nikazizungushia kamba ya katani, nikazipinda duara ndani ya duara kutoka shingoni mpaka mwisho wa mabega, na kati ya duara na duara nikashona zile sarafu zenye tundu. Sehemu ya juu ya gomesi, yaani kifua na mabega, sikuigusa. Niliitupa kwenye kapu la mabaki. Vidole vilivuja damu. Nilisahau kula. Siwezi kusema uongo kwenye hili: nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena kwa kiwango kile. Kwa mara ya kwanza nilikuwa nimetengeneza kitu ambacho mtu angesimama kukitazama, na nilijua hivyo hata kabla hakijaisha. Madam alisimama nyuma yangu akasema, "Nekesa, kwa hii tutaandika majina mawili. Leonida na Nekesa." Nililala nikiyasoma majina hayo gizani.

Jumatatu ya wiki ya maonyesho, bodaboda ilisimama mlangoni ikiwa imebeba wanawake wawili, Jane nyuma akimshikilia mwingine asianguke. Yule wa mbele alikuwa kikongwe mwembamba, plasta ya hospitali bado mkononi. Jane alikuwa amelia. Nilielewa kabla hawajasema.

"Yoga," kikongwe alisalimu kwa Kiteso. Akaegemea mlango, akapumua. "Mimi ni Philomena wa Moding. Wanasema hapa ndiyo nguo yangu iko."

Nikasimama. Nikamwita tata, maana ndivyo Wateso wamwitavyo bibi, nikamletea kiti kutoka chumba cha wageni na Madam akanikazia macho kwa sababu ya kile kiti. Tata Philomena hakukaa. Kola lilikuwa limevishwa kwenye sanamu ya kupimia. Macho yake hayakuwa mazuri, basi alilisogelea, akalishika, akafuata duara moja kwa kidole kama anayesoma.

"Hii ndiyo hiyo," alisema. "Mmeifunga kamba."

Madam akaja kwa ule utamu wake wa wageni. "Mama, usijali kabisa. Nitakununulia mpya. Nitakununulia mbili! Chagua rangi tu."

"Mpya nimeona. Ziko tu hapo soko." Tata Philomena hakuinua sauti. "Mimi nataka ile. Hiyo mzee wangu alinunua Tororo. Siku tulimzika nilikuwa nimeivaa, nikasimama hapo kwa shimo. Ni hiyo aliniona nayo mwisho. Nikienda na ingine atauliza, huyu ni nani amekuja?"

Madam alinigeukia, macho yamemlowa. "Unasikia? Huyu mama ni story yenyewe!" Akamwomba wapige picha pamoja. Tata Philomena alimtazama kama mtu anavyomtazama kuku aliyeingia kanisani, kisha akaniuliza mimi, "Wewe ndio wa mabeseni?"

"Ndiyo, tata."

"Wewe ndio ulikata?"

"Ndiyo."

"Unaweza kuirudisha?"

Nilijua jibu. Tepe zilikuwa nyembamba lakini sikuzipaka gundi; nilizishona tu. Ningezifumua, nikaziunganisha moja baada ya nyingine. Ingechukua wiki mbili, na gomesi ingerudi ina mishono mingi kama jeraha, lakini ingekuwa ileile. "Naweza, tata," nilisema. "Nitakuletea Moding."

"Sawa. Lakini usikawie. Mimi sina siku mingi."

Walipoondoka Madam alijitupa kwenye kile kiti nilichomletea kikongwe. "Usinifumulie kitu hapa. Jumamosi navaa nini? Na jina lako je?" Akafikiri kidogo, akaanza kutabasamu. "Hebu niambie. Jeneza za siku hizi si ziko na kioo? Kioo inaonyesha nini? Uso na mabega. Na mabega si bado iko hapo kwa kapu? Shonea chini kitambaa yoyote. Nani atafunua?"

Nilicheka. Watu wanaonipenda wakisikia kisa hiki huniambia nilikuwa mdogo, nilimwogopa mwajiri. Hapana. Nilicheka kwa sababu wazo lilinipendeza. Lilikuwa limenitatulia shida yangu, na shida yangu ilikuwa kola.

Jumamosi nilisimama kwenye ujia wa jikoni mwa hoteli nikiwa na pini mdomoni, huku ukumbini wakinywa divai na kuumauma sambusa. Madam alipita kati yao na kola langu mabegani, akitembea polepole ili sarafu zigongane. Kadi niliiandika mimi, lakini ilipelekwa kupigwa chapa, na nilipoiona mezani ilisema: limetengenezwa na Leonida kutokana na gauni la malkia wa Wateso. Malkia ndiye niliyemtunga mimi. Wateso hawajawahi kuwa na malkia, na katika ukumbi ule uliojaa watu walioitwa wapenzi wa utamaduni hakuna hata mmoja aliyelijua hilo. Nilimvuta Madam pembeni nikamwuliza jina la pili liko wapi. "Printa ilikosa nafasi," alisema, na kabla sijafunga mdomo mwanamke mmoja mwenye miwani mikubwa alikuja akalivua kola shingoni mwake, akalijaribu, akalipia, akatoka nalo mlangoni. Nililiona likiingia kwenye gari. Sijaliona tena mpaka Jumanne hii, kwenye simu.

Basi nilibaki na mabega ya kwenye kapu. Sokoni nilipata bitana ya mapazia ya rangi ya zambarau, karibu sana na ile, na nyepesi, nikaitia wanga ili ijifanye nzito. Nilichora mistari ya dhahabu kwa rangi ya kitambaa. Nilishona vizuri, pale kiunoni niliuficha mshono chini ya mshipi mpana, nikapiga pasi ya makaa mpaka nguo ikasimama. Kazi ya uongo niliifanya kwa bidii kuliko kazi nyingi za kweli nilizofanya tangu hapo.

Moding nilimkuta Tata Philomena ndani ya jiko, amekaa kwenye kigoda, amejifunga shuka. Alikataa kuitazama nguo kabla sijala. Jane aliniwekea atapu, ule ugali wao wa wimbi, na samaki mkavu kwenye mchuzi wa karanga, akaniletea maji ya kunawa kwenye beseni lile nililompa. Tukala, tata akinimegea vipande vinono. Kisha akanawa, akajifuta mikono kabisa, akasema, "Lete."

Akaipokea mapajani. Alianza na bega la kushoto, akalichongoa, likasimama. Akashika vifungo viwili vya kifuani, kimoja, cha pili. Uso ukalegea. Alicheka kidogo, akamwambia Jane kitu kwa Kiteso, na Jane akacheka akanitazama kwa shukrani. Mkono ukaendelea kushuka. Ukaufikia mshipi. Ukapita chini ya mshipi, ukasimama. Alisugua kitambaa kwa kidole gumba na cha shahada, taratibu, huku na huku. Moto ulikuwa unalia. Nilitaka anitukane.

"Walio hai wataona vizuri," alisema.

Akaikunja mwenyewe, akaniuliza kama nimeshiba, akaniambia jua linakwenda na njia ina matope. Nilimwambia eyalama, ambayo ni asante kwao, na nikarudi Malaba nikijiambia kwamba hakugundua. Nilijua amegundua. Madam alipouliza nilimwambia kikongwe amefurahi sana, na Madam akasema, "Si nilikuambia?"

Tata Philomena alifariki mwezi uliofuata. Sikwenda mazishini, nilisikia ukutani, ejenti mmoja wa Moding akimsimulia mwenzake. Walisema watu walishangaa. Mama yule aliyejulikana kwa usafi, aliyekuwa na nguo sandukuni miaka yote, alizikwa na gauni lake la kushinda nalo nyumbani, kola lake limepauka, kupitia kioo cha jeneza kila mtu akaliona. Wanawe walitaka kubishana lakini alikuwa ameacha neno. Nilisimamisha cherehani nikasikiliza mpaka wakahamia mambo ya mizigo.

Siku ya nne baada ya mazishi Jane alimtuma mtu wa bodaboda: natakiwa nyumbani, ni siku ya kugawa nguo. Kwao, kama kwetu, watu wa marehemu hukaa uani na nguo zote zikatolewa, na kila anayepewa huivaa palepale, akasimama aonekane, akashukuru. Nilidhani nimeitwa nishtakiwe. Nilikwenda kwa sababu kutokwenda kungekuwa kukiri. Walikuwa watu kama arobaini, kwenye viti na mikeka, vichwa vya waliofiwa vimenyolewa, jua la saa nne limetulia juu ya ua. Shemeji mkubwa wa marehemu aliita majina. Sweta kwa huyu. Nguo ya kanisa kwa Jane, na Jane akaivaa akalia. Shuka. Viatu. Mwishoni akainua ile foronya nyeupe.

"Hii," alisema, "mwenyewe alisema ni ya huyu msichana wa mabeseni. Alisema apewe, avae."

Watu waligeuka. Baadhi walitabasamu kwa wema, maana kupewa nguo ya marehemu wakati wewe si wa ukoo ni heshima kubwa. Jane alinisaidia kuingiza mikono, akanifunga vifungo viwili, akafunga mshipi. Hakuniangalia usoni. Juu ilikaa vizuri, mabega yakasimama. Chini wanga ulikuwa umekwisha. Bitana ilininasa miguuni, ikang'aa kwenye jua, na mistari yangu ya dhahabu ilikuwa imebanduka pale ilipokunjwa. Kikongwe mmoja aliyekaa karibu na miguu yangu alinyoosha mkono, akashika upindo, akausugua.

"Hii ni pazia," alisema, si kwa hasira, kama mtu anayetaja aina ya mbegu.

Shemeji alinisubiri. Wote walinisubiri, maana nguo haijapokelewa mpaka mpokeaji aseme neno. Nikasema eyalama. Shemeji akaweka mkono sikioni, akaniambia nirudie kwa sauti, walio nyuma hawajasikia, na nikarudia.